MLS na ligi za Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Lionel Messi atue Inter Miami Julai 2023, kuna ubishi mmoja ambao haujawahi kuisha kijiweni: hivi kule Marekani kuna mpira kweli, au ni wazee wamekwenda kula kiinua mgongo? MLS, ligi kuu inayochezwa Marekani na Kanada, nimekuwa nikiifuatilia tangu David Beckham alipovaa jezi ya LA Galaxy mwaka 2007, na usingizi mwingi nimeupotezea humo. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na watu waliozoea England na Hispania. Hukumu ni zangu, na kubisha ni ruksa.

Usinizungushe. MLS ni sawa na ligi gani ya Ulaya?

Ugumu wa swali hili unaanzia kwenye namna timu zinavyojengwa. Ulaya, klabu tajiri ina mabeki ghali na mawinga ghali, klabu maskini ina wa bei nafuu kuanzia kipa mpaka straika. Timu ya MLS haiko hivyo. Mbele utakuta watu wawili watatu ambao wangepata namba Ureno, Uholanzi, hata Ufaransa. Nyuma yao kuna beki wa kushoto aliyetokea timu ya chuo kikuu, na kwenye benchi kuna vijana ambao klabu ya daraja la pili England ingewatoa kwa mkopo wakakomae kwanza. Jezi moja, madaraja mawili.

Ukinibana ukutani nitasema hivi: timu nne au tano za juu za MLS zingecheza Ubelgiji au Uholanzi bila hofu ya kushuka daraja, na bila kuota ubingwa pia. Za katikati ni wenzao wa Championship, daraja la pili la England. Za mkiani naomba tusizitaje, kuna moja naipenda. Ligi kuu za England, Hispania, Ujerumani, Italia na Ufaransa bado ziko mbali.

Kama huniamini, tazama sokoni. Novemba 2024 FC Cincinnati walivunja rekodi ya usajili ya MLS kumchukua Mtogo Kevin Denkey, kwa dola milioni 16 na ushee. Alitoka wapi? Cercle Brugge, baada ya kuwa mfungaji bora wa Ubelgiji. Miezi michache baadaye Atlanta United wakaivunja rekodi hiyo kwa Emmanuel Latte Lath wa Ivory Coast, dola milioni 22. Huyo naye alitoka Middlesbrough, Championship. Kwa hiyo hela kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutolewa kwenye ligi nzima zilinunua mastraika wa ligi hizohizo mbili ninazozitaja. Agosti 2025 LAFC (Los Angeles FC) walipomleta Son Heung-min kutoka Tottenham rekodi ilivunjwa tena, lakini Son ni Son, na alikuwa na miaka 33.

Kwa nini timu yenye Messi ina mabeki ambao hata jina huwajui?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

MLS ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 kila klabu iliruhusiwa bajeti ya dola milioni 5.95 kwa wachezaji wake wa kikosi kikuu, na mchezaji mmoja hawezi kuhesabiwa zaidi ya dola 743,750 ndani ya bajeti hiyo. Ukiishia hapo, hii ni ligi ya wachezaji wa kawaida kabisa. Lakini mwaka 2007, ili Beckham aweze kuja, ligi ilifungua mlango wa pembeni: klabu inaweza kuwa na wachezaji wachache wanaolipwa kiasi chochote, na ziada hiyo isihesabiwe. Sasa hivi mlango huo unapitisha watu hadi watatu kwa klabu. Messi ni mmoja wao. Beckham alikuwa wa kwanza, ndiyo maana wengi bado wanaiita kanuni ya Beckham.

Uzuri wa Marekani ni kwamba chama cha wachezaji hutangaza mishahara hadharani, kila mtu na jina lake. Ukifungua orodha hiyo unapata picha ambayo huwezi kuipata England. Messi alikuwa akihesabiwa dola milioni 20.4 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bajeti nzima ya klabu nilizokutajia hapo juu. Kwenye chumba kilekile cha kubadilishia nguo, kiwango cha chini cha mshahara wa mchezaji wa kikosi kikuu mwaka 2025 kilikuwa dola 104,000, na cha wale wa akiba dola 80,622. Watu hawa wanapigiana pasi.

Katikati ya hao wawili ligi imetia kitu ambacho mimi hukiita kuponi. Ni pesa za ndani ambazo ligi huzigawa kwa klabu ili zipunguzie mshahara wa mchezaji usionekane wote kwenye bajeti. Klabu huuziana kuponi hizo. Huuziana pia nafasi za wachezaji wa kigeni, ambazo kwa kawaida ni 8 kwa kila klabu. Unaweza kusoma habari kwamba timu fulani imeuza beki wake kwa kuponi, nafasi moja ya mgeni na zamu ya kuchagua vijana wa vyuo mwakani. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Sasa weka hayo kando ya England, ambako hata klabu inayoshika mkia huondoka na zaidi ya pauni milioni 100 za televisheni na zawadi za ligi kwa msimu mmoja. Mkataba wa MLS na Apple wa kuonyesha mechi, ulioanza 2023, ulitangazwa kuwa wa miaka 10 na dola bilioni 2.5. Gawanya kwa miaka 10, kisha kwa timu 30. Ndiyo maana nasema ukitaka kuipima MLS, muache namba 10. Mtazame namba 3, halafu subiri dakika ya 70 uone nani anaingia.

Kwani PSG ya Ufaransa hawakumaliza ubishi walipoifunga Inter Miami 4-0?

Juni 29, 2025, Atlanta, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia la Klabu. João Neves alifunga dakika ya 6, akaongeza dakika ya 39, Tomás Avilés akajifunga, Achraf Hakimi akamalizia kabla ya mapumziko. Mabao yote manne yalipatikana kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili PSG walikuwa kama wanafanya mazoezi, na nakiri nilikwenda kuchemsha chai.

Lakini PSG walioyafanya hayo ndio waliokuwa wametoka kuifunga Inter Milan 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kama kipimo ni PSG wa mwezi ule, basi Serie A nayo tuifunge. Mimi najifunza zaidi kwenye mechi zilizotangulia.

Inter Miami walianza na Al Ahly, 0-0, na kama kipa Oscar Ustari asingeokoa penalti ya Trezeguet kipindi cha kwanza tungekuwa tunasimulia mengine. Wakaifunga Porto 2-1: Porto walitangulia kwa penalti, Telasco Segovia akasawazisha, Messi akaweka faulo ile ya dakika ya 54 ambayo kipa aliisindikiza kwa macho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya MLS kuifunga klabu ya Ulaya kwenye mashindano rasmi. Kisha Palmeiras. Miami waliongoza 2-0 mpaka dakika ya 80, Luis Suárez akiwa amefunga bao tamu kweli. Palmeiras wakapata moja, na dakika ya 87 wakasawazisha. Ukiniuliza ni mechi gani inaieleza MLS, ni hii: dakika 80 unashindana na yeyote, halafu miguu ya wazee inaisha na benchi halina wa kumwita.

Na wenzao je? Seattle Sounders walifungwa mechi zote tatu, na Botafogo, Atlético Madrid na PSG. LAFC walifungwa 2-0 na Chelsea, wakafungwa 1-0 na Espérance ya Tunis, penalti ya Denis Bouanga ikiokolewa dakika za nyongeza, wakatoka sare 1-1 na Flamengo. Kwa hiyo wakati watu wanabishana kama MLS inaifikia Ulaya, Waarabu wa Tunis tayari wamechukua pointi tatu. Ubishi huo Afrika tungeweza kuuingilia na sisi.

Mbona All-Star yao, kikosi cha nyota wa ligi nzima, iliwahi kuifunga Bayern?

Iliifunga 2-1 mwaka 2014, Portland. Na mwaka 2023 Arsenal waliipiga All-Star 5-0 kule Washington. Mechi za kirafiki za Julai ni za kuuza jezi.

Kama si Ulaya, wapimwe na nani?

Na Mexico. Hili Wamarekani wenyewe hawapendi kuambiwa. Klabu za MLS na za Mexico hukutana kila mwaka kwenye kombe la mabingwa la CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani, na hapo hakuna kirafiki. Toka MLS ianze mwaka 1996 ni klabu tatu tu zilizolitwaa: D.C. United 1998, LA Galaxy 2000, kisha kimya cha zaidi ya miaka 20 mpaka Seattle Sounders walipoifunga Pumas mwaka 2022. Baada ya hapo tulidhani mlango umefunguka. Mwaka 2023 LAFC wakafungwa fainali na León. Mwaka 2024 Columbus Crew, timu iliyokuwa inacheza mpira mzuri kuliko wote Marekani, wakalala 3-0 mbele ya Pachuca. Mwaka 2025 Vancouver Whitecaps wakapigwa 5-0 na Cruz Azul.

Ukiitazama ratiba hiyo vizuri, utaona kombe huingia mtoano mwanzoni mwa mwaka, wakati timu za MLS ndiyo kwanza zinatoka mapumziko na za Mexico ziko katikati ya msimu. Ni kisingizio cha kweli. Lakini fainali ya Mei au Juni, baada ya miezi mitatu ya ligi, haina kisingizio hicho.

Ni kweli ni ligi ya wastaafu?

Ilikuwa. Steven Gerrard na Andrea Pirlo walikuja 2015 na kwa kweli hawakututendea haki. Frank Lampard aliumia sana. Didier Drogba alikuwa na msimu wake pale Montréal, mabao 11 katika mechi 11 mwaka uleule wa 2015, ukabaki kujiuliza yeye ana umri gani na hao mabeki wana tatizo gani.

Mwaka huohuo, hata hivyo, Toronto walimchukua Sebastian Giovinco kutoka Juventus akiwa na miaka 28, mwenye afya na njaa. Mimi huhesabu mabadiliko kuanzia hapo. Atlanta wakamleta Miguel Almirón akiwa kijana, na Januari 2019 akauzwa Newcastle kwa takriban pauni milioni 20. Mwezi huohuo Alphonso Davies, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Buduburam, Ghana, na kukulia Kanada, alihama Vancouver kwenda Bayern Munich. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Ulaya. Jhon Durán alitoka Chicago Fire kwenda Aston Villa, Djordje Petrović akatoka New England kwenda Chelsea, Cucho Hernández aliyekuja Columbus kutoka Watford akaondoka kwenda Real Betis.

Kwa hiyo leo ligi ina milango miwili. Mmoja wanaingia akina Messi, Suárez, Hugo Lloris, Thomas Müller. Wa pili wanatoka vijana wa miaka 19 na 20. Kinachokosekana ni watu wa miaka 26 na 27 walio kwenye kilele chao, maana umri huo Ulaya hulipa vizuri zaidi, na kuponi hazitoshi.

Nyota akija lazima ang'are? Zlatan si alifunga tu?

Zlatan Ibrahimović alifunga mabao 52 katika mechi 56 za msimu wa kawaida. Mechi yake ya kwanza, Machi 31, 2018, Galaxy walikuwa nyuma dhidi ya LAFC, akaingia kutoka benchi, akapiga ule mpira wa mbali uliompita kipa juu kusawazisha 3-3, kisha akafunga la ushindi kwa kichwa dakika za nyongeza. Alikuwa na miaka 36 na goti lililofanyiwa upasuaji. Watu wa Ulaya walicheka: mnaona ligi yenyewe. Lakini alirudi AC Milan, akaendelea kufunga Serie A, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa. Utacheka tena?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bradley Wright-Phillips, mtoto wa Ian Wright. England alikuwa mshambuliaji wa Charlton, wa madaraja ya chini, wa kawaida. Mwaka 2013 akaenda New York Red Bulls, na mwaka 2014 alifunga mabao 27 akaifikia rekodi ya ligi ya wakati ule. Tofauti ni kwamba aliyekuwa anampa pasi aliitwa Thierry Henry. Hapo utaona tena jambo lilelile: mtu wa Championship akiwekewa mtu wa Ligi ya Mabingwa pembeni yake, wote wakikabiliwa na mabeki wa mshahara mdogo.

Walioshindwa mara nyingi hushindwa na vitu visivyo vya mpira. Seattle hadi Miami ni kama kilomita 4,400 kwa ndege, zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Cairo, na hiyo ni mechi ya ligi. England ni basi na kurudi usiku uleule. Kuna joto la Houston na Dallas mwezi Julai, kuna mwinuko wa Colorado na Salt Lake, na hadi 2025 kulikuwa na nyasi bandia Seattle, Portland, Vancouver, Atlanta, Charlotte na New England. Aliyewahi kucheza Chamazi anajua mpira unavyodunda juu ya zile nyasi na magoti yanavyolalamika kesho yake.

Hakuna kushuka daraja. Si ndiyo maana ni wazembe?

Nusu ya ukweli. Hakuna kushuka kwa sababu timu si klabu kama tunavyozielewa. Mikataba ya wachezaji ni ya ligi yenyewe, na wenye timu ni wabia wa biashara moja. Anayetaka kuingia hulipa kiingilio. San Diego FC, timu ya 30, walilipa dola milioni 500 na kuanza kucheza 2025. Mtu aliyelipa hizo hatakubali kushushwa na timu ya daraja la pili kwa tofauti ya mabao.

Matokeo yake unayaona Septemba. Timu iliyokwisha kupotea inacheza kama inasubiri likizo, hakuna ile homa ya Mei ya England ambako timu ya 17 na ya 18 zinakabana koo. Upande wa pili, timu 18 kati ya 30 huingia mtoano, kwa hiyo walio katikati wana cha kupigania karibu mpaka mwisho.

Bingwa ni nani hasa, anayeongoza ligi au anayeshinda fainali?

Anayeshinda fainali, na hapo watu wetu hukasirika. Mwaka 2024 Inter Miami walimaliza msimu wa kawaida na pointi 74, rekodi ya ligi, wakapewa Ngao ya Mashabiki, tuzo ya anayeongoza msimu huo. Raundi ya kwanza ya mtoano wakatolewa na Atlanta United walioingia kwa mlango wa nyuma kutoka nafasi ya tisa ya kanda yao. Kombe likaenda LA Galaxy. Mwaka 2025 Messi alilipata: Desemba 6, Miami 3, Vancouver ya Müller 1.

Mimi niliyelelewa na ligi ya nyumbani na kurudiana, bado naiona Ngao kuwa ndiyo ubingwa. Mmarekani atakushangaa. Kwake mtoano ndio msimu, kama ilivyo kwenye mpira wa kikapu.

Viwanja vinajaa au ni picha za karibu tu?

Vinajaa. Mwaka 2024 wastani ulizidi watu 23,000 kwa mechi. Charlotte walipocheza mechi yao ya kwanza nyumbani Machi 2022 waliingia watu 74,479. Ila kelele hazipimi ubora wa beki wa kushoto.

Kuna wachezaji wa kwetu waliocheza huko?

Wapo, na hapa naomba radhi nitakuwa mrefu.

Nizar Khalfan wa Mtwara alijiunga na Vancouver Whitecaps mwaka 2009, kabla timu haijaingia MLS, na ilipoingia mwaka 2011 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Mganda Micheal Azira alicheza Seattle na Colorado. Victor Wanyama, yule Mkenya aliyeifunga Barcelona kwa kichwa akiwa Celtic mwaka 2012, alitoka Tottenham kwenda Montréal Machi 2020, kocha akiwa Thierry Henry, na akabaki huko mpaka 2024. Nilimtazama Wanyama mara nyingi kwa sababu ni kipimo kizuri: kiungo mkabaji aliyecheza Ligi ya Mabingwa, mwili ukianza kugoma. Hakuwa anatawala mechi kama watu walivyotarajia. Mpira wa MLS unakwenda mbele na kurudi haraka, viungo wanarukwa, na mkabaji wa miaka 30 anajikuta anakimbiza watu uwanja mzima.

Halafu kuna Bernard Kamungo. Amezaliwa Kasulu, Kigoma, kwenye maisha ya kambi, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Kongo. Familia ilihamishiwa Abilene, Texas, naye akiwa kijana wa miaka 14. Hakupita kituo chochote cha vipaji. Mwaka 2021 alijitokeza kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, yale ambayo mtu yeyote mwenye njumu anaweza kujaribu bahati. Akachukuliwa.

Agosti 6, 2023, Inter Miami wakaja Dallas kwenye Leagues Cup, kombe la klabu za MLS na Mexico. Messi akafunga dakika ya 6. Dallas wakasawazisha, na mwishoni mwa kipindi cha kwanza Kamungo akafunga la pili. Kwa dakika kadhaa za usiku ule mtoto wa Kasulu alikuwa anaongoza mbele ya Messi, Busquets na Jordi Alba. Mechi iliisha 4-4, Messi akasawazisha kwa faulo, Miami wakapita kwa matuta. Januari 2024 Kamungo aliitwa timu ya taifa ya Marekani akacheza dhidi ya Slovenia. Wengine wameniuliza kwa nini Taifa Stars hawakumpata mapema. Mimi nauliza kituo gani cha vipaji England kingemfungulia geti kijana wa miaka 19 asiye na historia yoyote.

Na ligi ya wanawake?

Huko kipimo kinageuka. Marekani wametwaa Kombe la Dunia la wanawake mara nne, na NWSL, ligi yao kuu ya wanawake, kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo Ulaya inaitazama. Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 akiwa Kansas City Current mwaka 2024, rekodi, na mwaka huohuo Barbra Banda wa Zambia akafunga bao pekee la fainali kuipa ubingwa Orlando Pride. Sasa England wameanza kuvuta: Januari 2025 Chelsea walimchukua beki Naomi Girma kwa zaidi ya dola milioni moja.

Pengo litapungua?

Kalenda itasaidia. Novemba 2025 wenye timu walipitisha kwamba kuanzia 2027 ligi ihamie ratiba ya Ulaya, Julai mpaka Mei, na mapumziko ya baridi katikati. Dirisha la usajili litalingana na la wenzao, kwa hiyo timu haitauza straika wake katikati ya msimu. Lakini kikomo cha mishahara kikibaki kilivyo, tutaendelea kuhesabu nyota watatu na kuficha uso benchi linapoonyeshwa.

Naweza kuziweka kwenye mkeka?

Ligi ambayo timu ya pointi 74 inatolewa na timu ya tisa? Hela ni yako.

Zinachezwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Mechi nyingi ni Jumamosi jioni kwao. Miami, New York au Atlanta wakianza saa moja na nusu jioni, huku ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Miezi ya baridi ongeza saa moja. Los Angeles na Seattle huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hizo ndizo ninazozishauri, unatazama huku unasubiri maandazi yatoke. Vibanda umiza havifungui saa hizo, kwa hiyo utategemea bando lako. Msimu wa 2026 ligi iliziweka mechi zote ndani ya Apple TV ya kawaida bila malipo ya pembeni. Kama bando ni dogo, lala, amka saa moja utazame vipande vya dakika chache, kisha kama Miami wamefungwa bao la dakika ya 85 rudisha nyuma uone nani alikuwa anacheza beki ya kushoto.